Altaneta Yako Huenda Haijafa

Gari huletwa likiwa limesukumwa, au limevutwa, au limewashwa kwa betri ya gari jingine na dereva amekaa ndani akiogopa kulizima. Salamu zikiisha, sentensi inayofuata tunaijua: "Fundi, altaneta imekufa, nifungie nyingine." Ameiona taa nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi, au ameambiwa na mtu aliyeinama chini ya boneti dakika mbili kisha akatikisa kichwa.

Kuuza altaneta, ile mashine inayozalisha umeme wa gari, ni sehemu ya biashara yetu, kwa hiyo tungeweza kunyamaza na kufunga. Shida ni kwamba altaneta mpya ikifungwa kwenye gari ambalo kosa lake liko kwenye waya, mteja atarudi baada ya wiki mbili na taa ile ile imewaka, na safari hiyo akifoka atakuwa na haki ya kufoka. Ndiyo maana hatushiki spana kabla ya kushika multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Na kwa kuwa wateja wengi huona nusu saa ya vipimo kama fundi anavuta muda, tumeona tueleze hapa umeme wa gari unatoka wapi, nani anauongoza, na ni kitu gani hasa tunakitafuta pale tunapochomeka zile nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

Mtungi na kisima

Wengi hudhani betri ndiyo inayoendesha umeme wa gari na altaneta ni msaidizi wake. Injini ikishawaka mambo huwa kinyume. Taa, pampu ya mafuta, plagi, kompyuta ya injini, feni, redio, vyote vinakula kwa altaneta, na betri yenyewe imo kwenye foleni hiyo hiyo ikijazwa upya. Altaneta ni kisima, betri ni mtungi. Kazi ya mtungi ni kumwaga maji mengi kwa mkupuo mmoja stata inapozungusha injini, na kuziba pengo kisima kinapozidiwa kwa muda mfupi.

Huo mkupuo wenyewe ni mdogo kuliko unavyodhani. Stata ya gari dogo inaweza kuvuta ampea 200, namba inayotisha, lakini inazivuta kwa sekunde 3 hivi tu. Ukipiga hesabu ni sawa na kuvuta ampea 0.17 kwa saa moja. Balbu ya wati 5 ya ndani ya gari, ile uliyoisahau ikawaka kwa muda wa saa 10 usiku kucha, inakula sawa na kuvuta zaidi ya ampea 4 kwa saa moja, yaani kiasi cha kuwasha injini mara 25. Kwa hiyo mteja akituambia "nililiwasha mara tatu tu asubuhi betri ikaisha", tunajua betri hiyo ilikuwa imeshaisha kabla hajakamata ufunguo.

Ukiifungua utakuta nini

Altaneta ni kitu cha mviringo, kifuniko cha alumini chenye matundu ya hewa, kimefungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa na mkanda. Ndani, katikati, kuna mhimili wenye rota. Rota ni koili moja ya waya wa shaba iliyobanwa kati ya vipande viwili vya chuma vyenye vidole vilivyopindwa, na vidole vya upande mmoja vinaingia kati ya vidole vya upande wa pili kama mtu aliyefumbata viganja vyake. Mara nyingi ni vidole 6 kila upande. Umeme ukipita kwenye ile koili, chuma kinageuka sumaku: vidole vya upande mmoja vinakuwa ncha ya kaskazini, vya upande wa pili ncha ya kusini, kwa kupishana.

Umeme unaingiaje kwenye kitu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika? Nyuma ya mhimili kuna pete mbili za shaba, laini kama zimepigwa rangi ya kucha, na juu ya kila pete kuna kipande cha kaboni kinachosukumwa na springi. Kaboni hazizunguki, zinagusa tu. Kipande kipya kina urefu kama wa ukucha wa kidole gumba au zaidi kidogo. Tunapokitoa ndani ya altaneta iliyochoka, kinakuwa kimebaki kama punje ya mchele, na pete imechimbika mfereji unaoweza kuusikia kwa ncha ya kucha. Umeme unaopita hapo ni kidogo: ampea 3 hadi 5 hivi kwa kiwango cha juu kabisa. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Kuzunguka rota, bila kuigusa, kuna koili za nje zilizofungwa kwenye bodi. Ni seti tatu, zimepishana nafasi. Kila kidole cha sumaku kinapopita mbele ya waya, kinausukuma umeme ndani yake upande mmoja. Kidole kinachofuata, chenye ncha iliyo kinyume, kinausukuma upande wa pili. Michael Faraday aligundua jambo hili mwaka 1831 huko Uingereza, na mpaka leo hakuna aliyelibadilisha: sumaku ikisogea karibu na waya, umeme unazaliwa kwenye waya. Puli ya altaneta ni ndogo kuliko ile ya injini, kwa hiyo rota huzunguka mara mbili hadi tatu zaidi ya injini. Injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 800 kwa dakika, rota inaweza kuwa kwenye 2,400, na umeme kwenye koili za nje unakwenda na kurudi mara 240 kila sekunde.

Betri haiwezi kula umeme wa kwenda na kurudi. Ingekuwa kama kumlisha mtu kijiko kimoja kisha kumtoa kijiko kimoja. Hapo ndipo zinapoingia daiodi, vijidude vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, kama vali ya tairi. Altaneta ya kawaida ina daiodi kubwa 6, mbili kwa kila seti ya koili, zimebandikwa kwenye bamba la alumini lenye mapezi ya kupozea. Zinageuza ule umeme wa vurugu kuwa umeme wa mwelekeo mmoja, unaotoka kwenye boliti nene nyuma ya altaneta na kukimbilia betri.

Daiodi hizo ndizo zilizoifanya altaneta iingie kwenye magari madogo. Kabla yake magari yalitumia dainamo, mashine nzito yenye mistari ya shaba na kaboni zinazobeba umeme wote, na ambayo injini ikiwa silensa ilikuwa haitoi karibu chochote. Daiodi za silikoni zilipopatikana, Chrysler ikaweka altaneta kwenye Valiant ya mwaka 1960, na wengine wakafuata. Jina la katauti ambalo mafundi wengi bado wanalitumia ni urithi wa enzi hizo: katauti ilikuwa kifaa cha kukata njia ili betri isirudishe umeme wake kwenye dainamo. Kwenye altaneta kazi hiyo inafanywa na daiodi zenyewe. Jina likahamia kwa reguleta, kifaa kinachoongoza volti za altaneta, na sisi tukiambiwa katauti tunajua unamaanisha nini.

Mkono ulioshika koki

Sasa fikiria tatizo. Rota inazunguka polepole ukiwa kwenye foleni na kwa kasi kubwa ukiwa barabara kuu. Sumaku ikizungushwa haraka zaidi, volti zinapanda. Taa ya baiskeli inayoendeshwa na dainamo ya tairi inafanya hivyo: ukikanyaga taratibu inafifia, ukiteremka mlima inang'aa hadi balbu iungue. Gari haliwezi kuishi hivyo. Betri ya volti 12 inataka ichajiwe kwa volti 13.8 hadi 14.5 hivi, asubuhi na jioni, foleni na barabara kuu.

Dawa yake ni kwamba sumaku ya rota si sumaku ya kudumu. Ni ya umeme, nayo inatii kiasi cha umeme unaopewa. Reguleta, kipande kidogo ambacho kwa kawaida kimeshikana na kaboni, kinatazama volti za gari muda wote. Zikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kinafungulia ile koili ya rota umeme zaidi. Sumaku inapata nguvu, volti zinapanda. Zikizidi, kinafunga. Hufungua na kufunga mamia ya mara kwa sekunde, na kinachobadilika ni muda inaokaa wazi ukilinganisha na muda inaokaa imefungwa.

Hapa ndipo zile ampea 3 hadi 5 zinapopata maana. Reguleta haigusi ampea 80 au 100 zinazokwenda kwenye betri. Mteja mmoja alitusisitizia kwamba reguleta yake "imeshindwa kuzuia umeme wa ziada", kama mlinzi aliyezidiwa getini. Hakuna geti. Hakuna umeme wa ziada unaozuiwa au kumwagwa. Reguleta inashika kijito kidogo kinachoilisha sumaku, na kwa kijito hicho inaamua mto mkubwa uwe wa kiasi gani tangu mwanzo.

Unaweza kulisikia jambo hili kwa masikio yako. Simamisha gari usiku mahali pa kimya, acha injini silensa, zima kila kitu. Kisha washa taa kubwa na hita ya kioo cha nyuma kwa pamoja. Utaisikia injini ikizama kidogo kisha ikajikaza. Volti zimeshuka kwa chembe, reguleta imefungulia rota, sumaku imekuwa nzito kuzungusha, mkanda umeivuta injini, na kompyuta imeongeza mafuta. Altaneta ikitoa ampea 100 kwenye volti 14 inatoa wati 1,400, na kwa kuwa sehemu kubwa hupotea kama joto, inahitaji kama wati 2,500 kutoka kwenye mkanda. Hizo ni zaidi ya nguvu za farasi 3. Redio, taa na feni vyote vinalipiwa kwenye tenki la mafuta.

Jambo jingine ambalo huwatia watu wasiwasi bure: volti za kuchaji hazifanani muda wote. Betri baridi inataka volti za juu zaidi ili ikubali chaji, na betri ya moto inataka za chini ili isichemke, kwa hiyo reguleta nyingi hushusha volti kadiri joto linavyopanda. Ukiona 14.6 asubuhi na 13.8 baada ya safari ndefu, si ugonjwa. Kwenye magari mapya mambo yamekwenda mbali zaidi, maana kompyuta ya injini ndiyo inayoiamuru reguleta. Betri ikiwa imejaa na umekanyaga mafuta, inaweza kuishusha hadi karibu na volti za betri yenyewe ili kupunguza mzigo. Ukiachia pedali ukiteremka, inaipandisha ghafla ili kuvuna umeme wa bure. Tumeshapokea altaneta nzima kabisa zilizong'olewa kwenye magari ya namna hiyo kwa sababu mtu alipima mara moja, akaona 12.9, akatoa hukumu.

Taa ya betri inasema nini

Kwenye magari mengi ya zamani taa hii imeunganishwa kwa ujanja mzuri sana. Upande mmoja wa balbu unatoka kwenye swichi ya kuwashia, upande wa pili unakwenda kwenye altaneta. Ukifungua swichi kabla ya injini kuwaka, umeme wa betri unapita kwenye balbu, unaingia kwenye rota na kuishia kwenye bodi. Balbu inawaka, na papo hapo ule umeme mdogo unaipa rota usumaku wa kuanzia. Injini ikiwaka, altaneta inaanza kutoa umeme wake, na sasa pande zote mbili za balbu zina volti zinazolingana. Hakuna tofauti, hakuna mkondo, taa inazima.

Kwa hiyo kwenye gari la aina hiyo taa haipimi betri hata kidogo, ingawa ina picha yake. Inaonyesha kwamba pande mbili hazilingani. Na ikiungua yenyewe? Gari moja lililetwa kwetu halichaji asubuhi mpaka dereva apige resi mara mbili tatu, baada ya hapo linachaji siku nzima vizuri. Altaneta ilikuwa imeshashushwa na kurudishwa mara mbili na watu wengine. Tulifungua swichi na kutazama dashibodi: taa zote ziliwaka isipokuwa ya betri. Balbu ilikuwa imekufa, rota haikuwa inapata umeme wa kuanzia, na kilichokuwa kikiiamsha ni ule usumaku mdogo uliobaki kwenye chuma, ambao unahitaji mizunguko mingi ili uzae kitu. Kazi nzima ilikuwa balbu moja. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza tunachofanya ni kufungua swichi bila kuwasha injini, tutazame kama taa inawaka. Nawe unaweza kufanya hivyo nyumbani sasa hivi.

Nusu saa ya vipimo

Tunaanza na betri, gari likiwa limezimwa na limepumzika. Betri iliyojaa inaonyesha kama volti 12.6. Kwenye 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 imekwisha, na haitupi picha ya kweli ya altaneta mpaka tuichaji kwa chaja ya nje. Kisha tunawasha injini na kupima tena juu ya betri. Ikiwa 13.8 hadi 14.5, tunawasha taa kubwa, feni na hita ya kioo, tunapandisha injini hadi mizunguko 2,000, na tunatazama kama volti zinakaa au zinaporomoka.

Kipimo tunachokithamini zaidi ndicho ambacho watu wengi hukiruka. Tunaacha mzigo wote umewaka, tunagusa waya mmoja wa multimita kwenye boliti nene ya altaneta na mwingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Kama njia ni safi, tofauti iko chini ya volti 0.3. Kisha tunarudia upande wa hasi: kutoka kwenye bodi ya altaneta hadi kichwa cha hasi cha betri, tofauti isizidi 0.2. Watu hukumbuka waya wa chanya kwa sababu ni mwekundu na una fyuzi. Waya wa ethi hausemi kitu, umejificha chini, umepakwa tope, na umeme wote unaotoka lazima urudi kupitia huo.

Mzee mmoja alikuja na gari lililokuwa limeshakula betri mbili na altaneta moja ndani ya mwaka. Hakuuliza tatizo ni nini. Aliuliza, "Kijana, hii ya tatu nifunge ya aina gani?" Tulipopima kwenye altaneta yenyewe tulipata 14.3. Kwenye betri, 12.9. Volti nzima na zaidi ilikuwa ikipotea njiani. Upande wa chanya ulikuwa safi. Upande wa ethi, waya uliosukwa unaounganisha injini na bodi ulikuwa umeshika kwa nyuzi chache tu, na chini ya boliti yake palikuwa na unga wa kijani kama chokaa yenye rangi. Tuliutoa, tukafunga waya mpya, tukasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, tukapaka grisi juu yake. Multimita ikasoma 14.2 kwenye betri. Mzee aliitazama ile namba kwa muda, akauliza zile betri mbili ziko wapi siku hizi. Alikuwa ameshaziuza kama chuma chakavu, na yawezekana hazikuwa na kosa zaidi ya njaa.

Mwisho tunageuza multimita kupima umeme wa kwenda na kurudi juu ya betri, injini ikiwa inaunguruma. Altaneta nzima inaacha kidogo sana. Ikizidi volti 0.5 tunaishuku daiodi.

Inapokuwa altaneta kweli

Kaboni zikiisha, dalili yake ni ya kuja na kwenda: taa inapepesa ukipita kwenye shimo, inatulia, inarudi siku ya tatu. Mara nyingi reguleta na kaboni hubadilishwa kwa pamoja kwa sababu zimekaa kwenye kipande kimoja, na altaneta inaendelea kuishi. Beringi hujitangaza zenyewe kwa mlio wa kusaga. Tunatoa mkanda na kuizungusha puli kwa mkono, na kama inakwaruza mkono unajua kabla ya sikio.

Daiodi ni wajanja zaidi. Moja ikikatika, altaneta inaendelea kuchaji lakini kwa pumzi pungufu, na redio inaweza kuanza kuimba wimbo mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na resi. Moja ikivuja, umeme wa betri unarudi kupitia humo usiku kucha gari likiwa limezimwa. Ukiamka umeliacha gari tangu jana, fungua boneti ushike altaneta kwa kiganja. Chuma kingine chote kitakuwa baridi. Ikiwa yenyewe ina uvuguvugu, umempata mwizi.

Kuna kosa la kinyume, nalo tunaliogopa kuliko kutochaji: kuchaji kupita kiasi. Reguleta ikishindwa kufunga, au waya inaotumia kusoma volti ukikatika, volti zinapanda kupita 15 na kuendelea. Balbu zinaungua moja baada ya nyingine, maji ya betri yanakauka, betri inavimba, na ndani ya gari pananukia yai viza. Harufu hiyo ukiisikia, zima gari, kaa mbali na betri na usiwashe kitu chochote cha moto karibu nayo. Betri inayochemka inatoa haidrojeni, na haidrojeni hulipuka.

Mkanda nao usisahauliwe, maana tumeshaona altaneta ikilaumiwa kwa mkanda ulioisha. Ukilia asubuhi unapowasha gari au unapowasha taa kubwa, unateleza. Kwenye magari mengi ya sasa puli yenyewe ina mfumo wa kuachia upande mmoja ili isishtuke injini inapopunguza kasi, na ikikwama mkanda hutikisika kama kamba inayochezewa. Hapo inabadilishwa puli tu.

Yule anayechomoa betri

Kuna kipimo cha zamani ambacho bado tunakiona kikifanywa: injini inaunguruma, fundi anachomoa kichwa cha betri, gari likiendelea kuwaka anasema altaneta nzima. Tunakuomba umzuie mkono mtu yeyote atakayetaka kufanya hivyo kwenye gari lako. Enzi za dainamo na gari lisilo na kompyuta hasara ilikuwa ndogo. Leo, altaneta inayotoa ampea 50 ikinyang'anywa betri ghafla, ule umeme unakosa pa kwenda, na sumaku ya rota haiwezi kufifia papo hapo hata reguleta ikifunga mara moja. Volti zinaruka mara kadhaa juu ya kawaida kwa sehemu ya sekunde. Sehemu hiyo ya sekunde inatosha kuua daiodi, reguleta, na sanduku la kompyuta ambalo thamani yake ni zaidi ya altaneta yenyewe.

Vilevile, usitegemee altaneta ifufue betri iliyokwisha kabisa. Itajaribu. Itatoa kila ilicho nacho kwa muda mrefu, na ukiwa kwenye foleni rota inazunguka polepole na feni yake haipozi vizuri. Joto ndilo linalopika daiodi na koili. Betri iliyokwisha chaji tuletee tuichaji kwa chaja, au ichaji nyumbani usiku mmoja, kisha ndipo uifunge.

Kutengeneza au kununua

Tukifungua na kukuta kaboni, reguleta au beringi, tunakushauri utengeneze. Tukikuta koili za nje zimegeuka nyeusi na zinanuka kuungua, tunakushauri ununue, kwa sababu kuzisuka upya vizuri si kazi ya kila mtu, na iliyosukwa vibaya inarudi. Ukinunua, angalia ampea zilizoandikwa kwenye bodi, idadi ya mifereji ya puli, na umbo la plagi ya nyaya iliyo nyuma. Plagi kufanana kwa macho hakutoshi: zipo zinazoingia vizuri kabisa huku nyaya zake zina kazi tofauti. Na kama umefunga muziki mkubwa unataka altaneta ya ampea nyingi zaidi, hesabu pia waya mnene zaidi na fyuzi kuu inayolingana. Waya wa kiwandani ulipimwa kwa altaneta ya kiwandani.

Taa ikiwaka ukiwa njiani

Kwanza tazama mshale wa joto. Kwenye magari mengi mkanda unaozungusha altaneta unazungusha pia pampu ya maji, na ukikatika injini itachemka muda mfupi baadaye. Joto likipanda, simama. Usukani ukiwa mzito ghafla ni dalili nyingine ya mkanda huo huo.

Kama joto liko sawa, sasa unaendesha kwa mtungi bila kisima. Zima kiyoyozi, feni, redio, hita ya kioo, na chomoa chaja ya simu. Mchana, pampu ya mafuta, plagi na kompyuta vinaweza kula ampea 15 hadi 20, na kwa betri nzima ya ampea-saa 60 hesabu saa moja ya uhakika, pengine zaidi. Usiku taa kubwa zinaongeza ampea 9 au 10 na muda unapungua. Usizime injini kununua kitu njiani, maana stata ndiyo itakayogoma kwanza. Na ukifika kwetu, tafadhali usiegeshe pua ikiwa imebanwa ukutani. Likizimwa halitawaka, na sisi tunahitaji kufungua boneti.